Vidoa Visivyowasha

Mtakaosoma haya, mnivumilie kwa mwandiko. Herufi zangu zinainama kama ua uliosukumwa na ng'ombe, na maneno mengine nitayaandika jinsi ninavyoyasikia, kwa sababu nilisoma hadi darasa la nane tu na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima. Lakini kusema ndiko kunakonishinda zaidi ya kuandika, na jambo hili limekaa kifuani mwangu tangu nilipokuwa na miaka kumi na saba. Mwezi uliopita, kwenye mazishi ya Anti Ndinda pale Salama, lilinipanda hadi kooni nikashindwa kulimeza na nikashindwa kulitema.

Kioko, mwanawe wa kwanza, ndiye aliyesoma historia ya marehemu. Alisoma vizuri, sauti haikutetemeka. Akafika mahali palipoandikwa kwamba mama yake alikuwa na moyo wa huruma, kwamba hata Mumbua, binti wa dada yake, alipougua ugonjwa wa ajabu ambao hakuna aliyeuelewa, yeye ndiye aliyemtunza mpaka akapona. Mumbua ni mimi. Watu waliokuwa chini ya hema wakageuka kuniangalia, na mama mmoja nyuma yangu akanifinya bega. Kisha mwenye kuongoza ibada akasema itakuwa vyema nikisema neno la shukrani, hata likiwa moja. Nikapewa maiki. Nilisimama pale nikiwa nimeishika kwa mikono miwili, naiona picha ya Anti juu ya sanduku akicheka na kilemba chake cha kanisa, na mdomo wangu ukakataa kufunguka. Nikairudisha maiki. Nilipokuwa nakaa nikasikia mtu akinong'ona, "Maskini, uchungu umemzidi." Haukuwa uchungu. Ilikuwa hasira, na kama ningefungua mdomo siku ile, wale watu wangeondoka kabla chakula hakijapakuliwa.

Basi niseme hapa. Nilifika Salama mwanzoni mwa mwaka, ukame ulipomaliza mbuzi wetu kule Tseikuru na mimi nikawa sina cha kuchunga. Hoteli ya Anti ilikuwa ya mabati, nusu ya chini imepakwa rangi ya kijani, imeelekea lami ili dereva anayetoka Mombasa aione kabla hajapita. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko, kati ya magunia ya makaa na magunia ya mbaazi. Ukuta wake ulikuwa bati moja tu, na upande wa pili wa bati hilo ndipo akina mama wa kanisa walipokuja kuketi alasiri, wamsaidie Anti kuchagua mawe kwenye mbaazi huku wakinywa chai yake. Kwa hiyo mambo ya mwaka ule mengi sikuambiwa. Niliyasikia kupitia bati. Asubuhi tulikaanga mandazi, mchana tulipakua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa na mbaazi hadi yakawa laini kabisa, na jioni ilikuwa nyama ya mbuzi na kachumbari ya nyanya za Kiboko kwa watu wa malori. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo. Vikombe, sahani, na gilasi za maji, gilasi nyingi, za kioo kinene kisichovunjika upesi. Anti alipenda zing'ae. Alikuwa akiinua moja juu kuelekea mlango, afumbe jicho moja, na akiona alama ya kidole anairudisha kwenye karai bila kusema neno. Naomba mzikumbuke hizo gilasi.

Watu wa malori walipenda kunitania kwa sababu nilikuwa sijibu. Tanboi mmoja, yaani msaidizi wa dereva, kijana wa Kibwezi mwenye meno mazuri, aliniuliza siku moja ni kitu gani cha kwetu ninachokikosa zaidi. Nikafikiri, nikamwambia ukweli: kuketi juu ya kichuguu. Hoteli nzima ikacheka. Lakini kwetu kila anayechunga ana kichuguu chake cha mchwa. Unakipanda, unaona mgongo wa kila mbuzi hadi kwenye korongo, na jua likipungua unaendelea kukaa pale miguu ikining'inia kwenye nyufa zake, udongo bado una joto la mchana, unasubiri kundi likusanyike. Hakuna kiti kizuri kuliko hicho. Tangu siku ile wakaacha kuniita Mumbua. Ikawa, "Kichuguu, leta chai," "Kichuguu, chumvi iko wapi?" Hata Anti akazoea. Kwa miezi yote ile waliita sababu ya ugonjwa wangu kwa sauti kubwa, wakiagiza nayo chai, na hakuna mmoja wetu aliyejua.

Vidoa niliviona mara ya kwanza wakati wa baridi, mwezi wa saba. Nilikuwa nanawa miguu kwenye karai baada ya kufunga jiko. Vilikuwa juu ya nyayo na kuzunguka vifundo, vyekundu, vidogo kama ncha ya pini, kana kwamba mtu amechovya brashi kwenye rangi akanikung'utia. Nikapitisha kidole. Ngozi ilikuwa laini. Havikuwa vipele, havikuwa vimeinuka, havikuuma wala kuwasha. Nikasugua kwa sabuni na jiwe nikidhani ni rangi ya sakafu. Vikabaki pale pale, na asubuhi vilikuwa vimepanda hadi kwenye muundi.

Nilimwonyesha Anti kwa sababu niliogopa, na mimi si mtu wa kuonyesha watu miguu yangu. Alitazama akiwa amesimama, mwiko mkononi. "Ni kunguni," akasema. "Umeniletea kunguni wa Tseikuru ndani ya nyumba yangu." Godoro langu likatolewa nje mbele ya wateja, likapigwa kwa fimbo, kitanda kikamwagiwa mafuta ya taa, na nikalala usiku huo nikiwa nimefunga pua kwa leso. Kunguni hakuonekana hata mmoja. Vidoa vikaongezeka. Akanituma kwenye duka la dawa, ambako mwenye duka aliniangalia kutoka upande wake wa kaunta bila kuinama, akanipa tyubu ya kupaka. Nilipofika kwenye chumba changu nikasoma maandishi ya juu polepole, nikaona ni dawa ya kuzuia mwasho. Nikapaka dawa ya kuzuia mwasho mahali pasipowasha. Niliipaka mpaka ikaisha, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nipake.

Mnaona ninapokasirika? Si kwa kunguni. Mtu anaweza kukosea. Nakasirika kwa sababu kulikuwa na swali moja dogo, swali ambalo mama yeyote humwuliza mtoto aliyeumwa na mbu, nalo ni, "Vinawasha?" Kunguni akikuuma unajikuna. Joto likikutoa vipele unajikuna. Mimi sikuwa najikuna. Nilikuwa naingia na kutoka mbele ya macho ya watu kutwa nzima, mikono kwenye maji ya sabuni, na hakuna aliyeona kwamba msichana huyu mwenye miguu iliyojaa vidoa hajikuni. Nami sikusema, kwa sababu sikujua kama hilo ni jambo la kusema.

Baadaye homa ikawa inakuja jioni. Inakuja, inaondoka, inarudi. Anti akanipa vidonge vya malaria, na vilipoisha akanipa vingine. Nilikonda usoni, mifupa ya mabega ikatokeza. Siku moja pua ilitoka damu ikadondokea ndani ya karai la vyombo, nikamwaga maji haraka kabla Anti hajaona. Nikila chapati, niliona alama nyekundu mahali nilipouma. Na huku nakonda hivyo, tumbo likaanza kujaa, upande wa kushoto, gumu, kama nimemeza kitu kikakataa kushuka. Nilifunga leso mbili nikaivuta sweta ya Kioko ya zamani hadi magotini. Lakini Salama ni mji wa barabara. Malori yanalala pale. Msichana anayeosha vyombo katika hoteli ya Salama akitokeza tumbo, hakuna anayefikiria jambo la pili.

Alasiri moja nilikuwa nimelala na homa, na sauti ya Mama Mutua, kiongozi wa akina mama kanisani, ikapita kwenye bati kana kwamba ameketi kitandani kwangu.

"Ndinda, huyo msichana wako unamwona?"

"Namwona."

"Unamwona vizuri?"

Nikasikia mbaazi zikimwagwa kwenye ungo. Mama Mutua akasema uso umepungua na tumbo limeongezeka, na yeye amezaa watoto saba hadanganywi na sweta. Mwingine akauliza kuhusu vidoa miguuni, kwa sababu sasa vilikuwa vimefika kwenye mikono pia. "Hivyo ni dawa," Mama Mutua akasema. "Wanakunywa vitu vya kutoa mimba. Damu ikikosa njia ya kutokea, inatokea kwa ngozi." Kisha mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba basi kichuguu kimeota tumboni, na wakacheka, na Anti Ndinda akacheka nao. Kicheko chake nakijua. Kilikuwa kinaanza puani.

Nimelifikiria sana lile neno la Mama Mutua. Damu inatokea kwa ngozi. Alikuwa amesema ukweli mtupu, alikuwa ameufikia kwa mkono, na akautumia kunitupa.

Jioni hiyo Anti aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akaketi juu ya gunia la mbaazi. Akauliza ni nani. Nikamwambia hakuna. Akaanza kuwataja mmoja mmoja: yule wa lori la simiti, yule wa matangi ya mafuta, yule mzee wa Voi anayeniletea machungwa, yule tanboi wa meno. Kila jina nilitikisa kichwa. Nikamwambia, na hii ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizomwambia mwaka ule, kwamba mimi sijamjua mwanamume, sina mimba, naumwa, anipeleke nikapimwe.

"Kwa hiyo hilo ni nini? Ni muthokoi?"

"Sijui, Anti."

"Cha kupima ni nini, na sisi tunaona? Nipeleke aibu yangu hospitali, waiandikie na namba?"

Akatoka. Na sasa niseme jambo linalonitia uchungu hadi leo. Hata mimi nilianza kujiuliza. Siku zangu za mwezi zilikuwa zimeacha kuja. Hakuna mtu aliyekuwa amenieleza mambo ya mwili, si shuleni si nyumbani, na watu wazima wote walikuwa na hakika. Nilikuwa nalala pale nikiwaza kama inawezekana kushika mimba kwa kuketi kwenye kiti kilichoketiwa na dereva. Miaka kumi na saba, na nilikuwa nimefikishwa hapo, kuwa sijui hata kile ambacho mwili wangu haujafanya.

Katika kanisa letu msichana akipata mimba bila mume huwekwa nyuma. Kuna benchi la mwisho karibu na mlango, na aliyewekwa pale haimbi na kwaya, hapewi meza ya Bwana, mpaka siku atakayosimama mbele ya watu akiri, aombewe, arudishwe. Mimi nilikuwa sauti ya pili kwenye kwaya. Kuimba ndiko mahali pekee nilipokuwa sioni haya, kwa sababu sauti yangu ilikuwa imejificha ndani ya za wengine. Jumapili iliyofuata Mama Mutua alinishika mkono mlangoni, si kwa ukali, akanielekeza kwenye benchi la nyuma kama unavyomwonyesha mgeni kiti. Mzee wa kanisa akatangaza kwamba kuna dada aliyeanguka, na mwenye kuanguka akiri. Watu walingoja. Feni hakuna mle ndani, nilisikia jinsi watoto walivyokuwa wanapumua. Nilisimama. Nilitaka kusema, "Sijafanya." Ni neno moja. Damu ikaanza kutoka puani, nikaifunika kwa kitambaa cha kwaya, nikakaa. Mzee akasema kwamba Mungu huusikia hata moyo usiosema, na akaniombea msamaha. Kunyamaza kwangu wakakuhesabu kuwa kukiri. Nyumba nzima ikasema amina, na sauti ya Anti ilikuwa miongoni mwao.

Wiki ile ile akanifungia nguo zangu kwenye mfuko wa plastiki, akampigia mama yangu simu kwamba narudi na mzigo, akanipandisha gari. Safari yenyewe siikumbuki vizuri. Nakumbuka nimeshuka Mwingi nikingojea gari la Tseikuru, jua kali, na nikaketi chini kando ya mama mmoja Mwislamu aliyekuwa akiuza mahamri na kahawa ya tangawizi. Watu walimwita Mama Zuhura. Pua ikafunguka tena, na safari hii haikutaka kuziba. Nilikuwa naona damu ikianguka kwenye vumbi kati ya viatu vyangu, na nikawa naifukia kwa kisigino asione.

Mama Zuhura aliona. Akaniangalia tumboni, akaniangalia usoni, na najua alifikiri kile kile walichofikiri Salama, kwa sababu aliuliza, "Mwanangu, una miezi mingapi?" Lakini alipouliza alikuwa tayari ameinuka kwenye kiti chake na ananiketisha mimi. Akanilowanishia kitambaa, akanifinya pua, akamwachia mwenzake biashara, akanipeleka hospitali kwa miguu akiwa amenishika kiunoni. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sijalisahau. Mama Zuhura alikosea sawa na Anti Ndinda. Kosa lilikuwa moja. Lakini mmoja alikosea akanipa kiti, na mwingine alikosea akaninyang'anya.

Daktari alikuwa mwanamke, bado kijana, nywele amezifunga nyuma, amechoka. Mama Zuhura akasema, "Binti ana mimba na anatokwa damu." Daktari hakumbishia. Alinilaza, akabonyeza tumbo, akaacha mkono wake upande wa kushoto kwa muda mrefu, kisha akakunja sketi yangu hadi magotini akaona miguu. Akauliza, akiniangalia mimi, si Mama Zuhura:

"Vinawasha?"

Nikaanza kulia. Alidhani amenitonesha, akaondoa mkono. Nikasema haviwashi. Nikasema havijawahi kuwasha hata siku moja. Akageuka mezani pake, akachukua gilasi yake ya maji, akamwaga maji yaliyobaki dirishani, akaiweka gilasi juu ya muundi wangu akaibonyeza. Akaniambia niangalie kupitia kioo. Ngozi yote ikapauka kwa ule uzito, lakini vidoa vilibaki vyekundu vile vile. Akasema vipele vya joto au vya kuumwa na mdudu ukivibonyeza hivyo hufifia, kwa sababu damu iko ndani ya mishipa yake na inasukumika. Hii haisukumiki kwa sababu imeshatoka nje ya mishipa midogo ikamwagika chini ya ngozi. Kila kidoa ni tone la damu lililovuja. Gilasi ilikuwa ya kioo kinene, kama za Anti, zile nilizokuwa naziosha kutwa nzima hadi zing'ae.

Kisha akaanza kuuliza, swali baada ya swali, na nilikuwa najibu mpaka nikashangaa sauti yangu. Aliniambia vidoa vya namna ile si ugonjwa, ni dalili, na vina sababu nyingi, ndiyo maana anauliza. Mtu akikohoa sana au akitapika kwa nguvu huweza kuvipata usoni na shingoni, na hivyo huisha vyenyewe. Kuna dawa nyingine zinazovileta. Kuna homa za mbu. Kuna magonjwa yanayoingia kwenye damu na kuua kwa muda mfupi, hasa mtoto akiwa na homa kali na shingo imekakamaa, na huyo hangojewi hadi asubuhi. Kuna magonjwa ya damu yenyewe. Akauliza kama tulikula mahindi yenye ukungu, kwa sababu yale huharibu ini na mtu akaanza kuvuja damu. Nikasema hapana. Akauliza kabla ya Salama nilikuwa wapi.

"Tseikuru."

"Ukifanya nini?"

"Nachunga mbuzi."

Akaiweka kalamu chini. "Ukichunga, jioni unakaa wapi?"

Nikamwambia juu ya kichuguu, nikasubiri acheke. Hakucheka. Akasema ndani ya zile nyufa hukaa usubi, vidudu vidogo kuliko mbu, havina hata sauti, na jua likishuka hutoka kuuma. Wengine hubeba ugonjwa unaoitwa kalaazar. Unakaa ndani ya mtu miezi mingi kabla haujajionyesha, kwa hiyo mtu anaweza kuubeba hadi mahali ambapo hakuna anayeujua. Unafanya wengu uvimbe, kile kipande cheusi kilicho chini ya mbavu za kushoto ambacho mimi nilikuwa nakijua kwa mbuzi tu, na wengu ukivimba unameza zile chembe ndogo za damu zinazoziba mahali palipotoboka. Ndiyo sababu ya pua. Ndiyo sababu ya fizi. Ndiyo sababu ya vidoa. Na siku za mwezi zilikuwa zimekoma kwa sababu mwili ulikuwa umedhoofika. Akatoboa kidole changu, tone moja, akaliweka kwenye kipimo. Tuliketi tukingoja. Akapima na mimba pia, akasema anapima kwa sababu ni kazi yake, si kwa sababu haniamini. Mimba hapakuwa. Kalaazar ilikuwapo. Akaniambia ningechelewa zaidi ningekufa, na watu wangesema nimekufa kwa kutoa mimba.

Mama Zuhura alikuwa ameketi pale muda wote. Akashika kichwa. "Nisamehe, mwanangu," akasema, "nimekudhania." Ndiye mtu wa pekee hadi leo aliyeniomba msamaha, na ndiye niliyekuwa simdai chochote.

Nililazwa, mama yangu akaja kesho yake, nikachomwa sindano kila siku kwa zaidi ya wiki mbili hadi nikawa siwezi kuketi. Homa ilikufa kwanza. Kisha siku moja nikaona vidoa vinageuka rangi ya kahawia, kama kutu, na vingine vipya havikuja. Tumbo likarudi polepole. Mwisho wa mwaka nilienda Salama kuchukua vitu vyangu vilivyobaki, na, niseme ukweli, nilienda waone kiuno changu. Anti alinipakulia sahani ya nyama, akanichagulia kipande chenye mafuta. "Kula, urudishe mwili," akasema. Nikamwambia, "Anti, haikuwa mimba." Alikuwa anapanguza meza. Akasema, "Hayo yamepita, Mumbua," akaendelea kupanguza pale pale mahali palipokuwa pasafi.

Jumapili nikaenda kanisani. Mzee wa kanisa akanijia mlangoni, mkono mbele, tabasamu usoni. "Kanisa limekusamehe, binti yangu. Unaweza kurudi mbele." Limenisamehe. Nilitazama kwaya, nikaona nafasi yangu kati ya wasichana wa sauti ya pili, wameniachia. Nilikuwa naitaka nafasi ile kuliko kitu chochote duniani. Nikapita nikaketi kwenye benchi la nyuma. Nilikaa pale ibada nzima bila kuimba, na watu wakasema ona jinsi alivyonyenyekea. Sijaimba kwenye kwaya yoyote tangu siku hiyo. Walichoninyang'anya si heshima tu. Heshima inarudi, watu wanasahau. Walininyang'anya mahali pekee nilipokuwa na sauti, na sasa yuko chini ya udongo aliyekuwa wa kunirudishia, na kwenye historia yake wameandika kwamba alinitunza.

Kioko, kama utasoma haya, sikulaumu, ulikuwa Nairobi, uliandika ulivyoambiwa. Mama yako alinilisha, hilo ni kweli, na nyama yake ilikuwa tamu. Lakini historia ile naomba ukitoa nakala nyingine uifute hiyo sentensi. Mama Mutua, wewe bado uko hai, nilikuona mazishini ukinishika bega. Unajua ninapoishi.

Na ninyi wengine nisiowajua, niandikieni. Sana sana wewe uliye mahali fulani nyuma ya jiko la mtu, umevuta sketi ifunike miguu, unasikia watu wakikuamua upande wa pili wa bati. Chukua gilasi, ubonyeze, uangalie kupitia kioo. Vikibaki vyekundu, nenda hospitali leo, usingoje mtu akuamini kwanza. Ukirudi niandikie, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu, nitasoma polepole na nitajibu. Sitakuuliza ni nani. Nitakuuliza kama vinawasha.